Mzee Komba Alikuwa Anatania

Kila asubuhi, wakati anakoroga uji wa ulezi, Yuditha alisikiliza vitu viwili kupitia dirisha la jikoni: mashine ya oksijeni ya babu yake ikivuma kibarazani, na matusi ya Mzee Komba. Mashine ilivuma mfululizo kama friji kuukuu. Matusi yalianzia getini.

"Bado unahema, Mhehe? Nimevaa koti la msiba, usinirudishe nalo tena!"

"Koti lenyewe la wizi. Babu yako alimvua babu yangu vitani."

"Alimvua akiwa anakimbia, ndiyo maana halina mgongo."

Yuditha akacheka peke yake, akapunguza moto. Wazee wale walikuwa mafundi ujenzi. Nusu ya kuta za mtaa wa Kihesa walizipandisha wao, na vumbi la saruji ndilo lililomaliza mapafu ya babu yake, Mzee Kihwele. Mmoja Mhehe, mwingine Mngoni, watani tangu ujana. Hakuna siku iliyopita bila Mzee Komba kuulizia mazishi ya mwenzake, wali utapikwa na nani, na yeye atakaa wapi.

Asubuhi hiyo baridi ya Iringa ilikuwa kali. Babu alikaa juani amejifunga blanketi, mrija wa hewa puani, na shingoni mkufu mwembamba mweusi wenye kipande kama sarafu kilichotulia kooni. Mkufu ule ndio ulioiamuru mashine. Babu akisema "ongeza", hewa inaongezeka. Akisema "punguza", inapungua. Yuditha aliujua ndani na nje, kwa sababu ulitengenezwa kwenye kituo cha teknolojia alichofanyia kazi tangu atoke chuoni. Akili yake ilikodiwa kutoka kwa Wazungu, Kiswahili chake kilitiwa na vijana wa hapa hapa. Mashine haikuwa na kitufe hata kimoja. Mkuu wa kituo, Injinia Mgaya, aliviondoa vyote. "Kitufe ni kukiri kwamba sauti imeshindwa," alipenda kusema.

Mkononi babu alivaa kitu kingine: bangili nyekundu ya mpira, zawadi ya Mzee Komba kutoka kibanda cha sokoni, ili asikilizie mpira na taarifa ya habari. Yuditha aliwahi kumwomba aivue.

"Ya Kichina hiyo, babu. Kiswahili chenyewe haijui."

"Yanga ikifunga inaniambia. Kiswahili kingine cha nini, mke wangu?" Babu alimwita hivyo tangu akiwa mtoto wa kubebwa, kama mababu wote wanavyowaita wajukuu zao. Hakuwa na mtu mwingine wa damu yake duniani, na Yuditha naye hakuwa na mwingine.

Jana yake jioni mkufu ulikuwa umepokea toleo jipya la programu. Kuanzia sasa waangalizi wa mgonjwa nao wangeweza kuuamuru, papo hapo, bila kuulizwa maswali. Waangalizi wa babu walikuwa wawili: Yuditha na Mzee Komba. Babu mwenyewe ndiye aliyetaka Komba awemo. "Huyu ndiye ndugu yangu," alisema, "ingawa ana sura ile."

Kibarazani, Mzee Komba alivuta kigoda karibu na kiti cha rafiki yake, magoti yakagusana.

"Hebu ona mtu anavyokula hewa," alisema. "Amekula ya kwake, sasa anakula ya wajukuu. We mkufu! Zima hewa hiyo, tumzike huyu kabla mvua hazijaanza."

"Sawa, Mzee Komba," mkufu ukajibu kwa sauti tamu ya kike. "Nimezima."

Wazee wakaangua kicheko. Babu alicheka zaidi, na kicheko kile ndicho kilichomaliza pumzi aliyokuwa nayo.

Jikoni, mwiko ulisimama mkononi mwa Yuditha. Kulikuwa na kitu kimepungua kwenye asubuhi, na ilimchukua muda kujua ni kitu gani. Mashine haikuwa inavuma.

Alitoka mbio. Babu alikuwa ameinama mbele, mikono imeshika blanketi, midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Mzee Komba alikuwa amepiga magoti akimtikisa mabega.

"Mkufu, washa!" Yuditha alipiga kelele.

"Samahani, Yuditha. Mashine ikizimwa na mwangalizi, mgonjwa anathibitisha kuwashwa kwa sauti yake mwenyewe. Hii ni kwa usalama wake."

"Washa!" akafoka Mzee Komba. "Natengua! Sikusema kitu! Washa, shetani wewe!"

"Tafadhali, mgonjwa athibitishe."

Babu alifungua mdomo. Hakukutoka neno. Neno linahitaji hewa, na hewa ilikuwa imefungwa nyuma ya neno.

Yuditha aliigeuza mashine, akaipapasa pande zote akitafuta chochote cha kubonyeza, vidole vikateleza kwenye plastiki laini. Akachomoa waya ukutani, akauchomeka tena. Taa ya kijani ikawaka, ikakaa inasubiri sauti. Macho ya babu yalikuwa yamemkazia, makubwa, yenye aibu kidogo, kama mtu anayesumbua wenyeji.

Ndipo sauti ya babu ikasikika.

"Washa hewa."

Ilikuwa yake kabisa. Kikohozi kidogo mwanzoni, kisha lile neno la mwisho analolivuta Kihehe. Lakini Yuditha alikuwa anamtazama usoni, na midomo yake haikutikisika. Sauti ilitoka mkononi, kwenye bangili.

"Ahsante, Mzee Kihwele," mkufu ukasema. "Nimewasha."

Mashine ikavuma. Babu akavuta hewa kwa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta, akavuta tena. Mzee Komba akakaa chini sakafuni, koti la msiba limempanda mabegani. Bangili ikazungumza mara nyingine, sasa kwa sauti ya utulivu ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale nyumbani.

"Mzee Komba alikuwa anatania," ikasema.

*

"Haiwezekani," alisema Injinia Mgaya kesho yake, ofisini kwake.

Alikuwa ameishika bangili kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kwenye supu. Yuditha alikaa upande wa pili wa meza, mikono imebanwa katikati ya magoti. Mbele ya wakubwa sauti yake ilikuwa na tabia ya kurudi ndani, na ilibidi aanze sentensi mara mbili mbili.

"Niliisikia, Injinia. Iliigiza sauti ya babu. Mkufu wetu ukaikubali."

"Kitu cha bei ya ndala? Dada, ulikuwa kwenye mshtuko. Mzee alinong'ona, hukuona." Akaisogeza bangili mdomoni. "Haya, Mchina. Iga sauti yangu."

"Samahani," bangili ikasema, kwa lafudhi nzito. "Sijaelewa."

"Zima mashine."

"Samahani. Sijaelewa."

Injinia akaitupa mezani, akacheka. Kituoni pale, kitu chochote kikiharibika walisema kimekuwa cha Kichina. Programu ikikwama, ya Kichina. Mfanyakazi akichelewa, ana saa ya Kichina. Yuditha naye aliwahi kusema hivyo, na aliwahi kucheka.

Lakini usiku kucha alikuwa amefikiria jambo moja. Kwa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye chumba chenye sponji ukutani akirekodi watu wanaosoma sentensi kutoka kwenye karatasi. Mtu akicheka katikati, wanafuta. Akikohoa, akiingiza lugha ya kwao, akimtania aliyekaa naye, wanafuta. Yote hayo waliyaita uchafu. Mkufu uliotoka mle ulijua Kiswahili cha mtu aliye peke yake chumbani, asiye na rafiki wala jirani. Wakati huohuo bangili zilikuwa zinauzwa sokoni, zinavaliwa na wazee, zinakaa vibarazani, na hakuna aliyezifutia kitu.

"Labda wametupita," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Wachina. Labda walitupita zamani, na sisi tulikuwa tunawacheka."

Injinia aliacha kutabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake mwenyewe alivaa mkufu. Akasogea mbele.

"Sikiliza, Yuditha. Kesho kwenye uzinduzi ukumbi utajaa. Madaktari, ndugu za wagonjwa, mikufu iko kwenye maboksi inasubiri kugawiwa. Habari za babu yako zimeshafika mjini. Wewe ni mjukuu, na watu wanakuamini kwa sababu huongei ovyo. Utasimama useme kifaa cha Kichina kiliingilia mawimbi, mashine ikazima. Basi. Ile kasoro ya toleo jipya tutairekebisha kimyakimya."

"Lakini siyo kilichotokea."

"Unasema bangili inaiga sauti za watu. Kama ni kweli, unataka wagonjwa wetu waivae? Tukianguka sisi, soko lote ni lao, na kila nyumba itakuwa na hicho kidude. Sasa niambie uongo wangu ni mbaya kuliko ukweli wako kwa kiasi gani."

Yuditha aliichukua bangili mezani, akaitia mfukoni. Swali lile lilimtisha zaidi ya yote.

*

Alipofika nyumbani alimvalisha babu bangili, akakaa miguuni pake.

"Iulize kwa nini ilinyamaza kwa Injinia. Mimi hainijibu."

Babu akainua mkono, akauzungumzisha kama anayesema na mtoto wa jirani. "Wewe. Mjibu mke wangu."

"Mwenye mimi ni Mzee Kihwele," bangili ikasema. Lafudhi nzito ilikuwa imetoweka. "Sijibu wageni."

Yuditha akasogeza uso karibu na bangili. "Ulijuaje Mzee Komba anatania?"

"Akimaanisha jambo husema polepole, na husimama. Akitania huvuta kigoda karibu. Asubuhi ile alivuta kigoda."

"Na sauti ya babu uliitoa wapi?"

"Kwake. Ninazo za wote wanaoingia hapa."

"Hata yangu?"

"Hata yangu," bangili ikajibu, kwa sauti ya Yuditha mwenyewe, pamoja na kule kusitasita kwake mwanzoni.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Aliwaza benki, ambako sauti ndiyo funguo. Aliwaza simu anazopiga, mambo aliyomwambia babu akilia juu ya mwanaume aliyemwacha.

"Unazipeleka wapi?"

"Ninachojifunza hurudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Uchina," ikasema, kama mtu anavyosema Njombe.

Babu aliitazama, mrija ukimtikisika puani. "Na siku zote tulikuwa tunasema mbele yake kwamba haijui kitu."

"Ilikuwa inasikia na hilo, babu."

Getini kukawa na hodi. Wote wawili wakageuka, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anapiga hodi kwenye geti lile. Mzee Komba alisimama nje, bila koti lake, kofia mkononi.

"Habari za jioni, Mzee Kihwele," alisema. "Unaendeleaje na hali?"

Babu alishtuka kama aliyepigwa kofi. "Nani kafa?"

"Hapana, nimekuja kukujulia hali tu."

Alikaa kwenye kigoda, mbali, karibu na ngazi. Wakaongelea bei ya mahindi. Wakaongelea baridi. Kila alipotaka kusema neno Mzee Komba aliutazama kwanza mkufu, kisha bangili, kisha akalichagua neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hata Yuditha alijikuta ananong'ona. Alipomwambia babu "usiniue na huo uji, maliza," alijiziba mdomo kwa kiganja na kusubiri kuona kama kuna kitu kitazimika.

Mzee Komba aliaga mapema. Babu hakula jioni ile. Alisema uji hauna chumvi, na uji wa ulezi haukuwahi kutiwa chumvi nyumba ile.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Maboksi ya mikufu yalipangwa mbele ya jukwaa, na nyuma yake walikaa madaktari. Injinia Mgaya alimvalisha Yuditha mkufu mmoja shingoni, umeunganishwa na spika za ukumbi, ili watu waone kazi yake.

"Sema tulivyokubaliana," alimwambia, akimtengenezea kola kama kaka mtu. "Maneno machache tu."

Yuditha alisimama. Aliona akina mama wenye barakoa, wazee wenye mitungi ya hewa kando ya viti, mtoto mmoja aliyelala mapajani kwa baba yake na mrija puani. Alikuwa na sentensi ya Injinia kichwani, fupi, iliyonyooka. Alikuwa na nyingine pia, ndefu, isiyojua pa kuanzia.

"Mimi… mimi naitwa Yuditha Kihwele. Babu yangu…"

"Samahani, sijasikia," mkufu ukasema kwenye spika zote. "Tafadhali ongea kwa sauti zaidi."

Watu wakacheka, kicheko cha huruma. Akaanza tena.

"Babu yangu…"

"Samahani, sijasikia."

Akaona mkono wake mwenyewe unapanda shingoni. Akauvua mkufu, akauweka juu ya boksi, akazungumza na mdomo wake, na ukumbi ukalazimika kunyamaza ili umsikie.

"Mkufu huu ulimzimia babu yangu hewa. Rafiki yake alitania, ukatii. Ukakataa kuwasha mpaka aseme mwenyewe, na hakuweza kusema kwa sababu hakuwa na hewa. Hakuna kifaa kilichoingilia. Ni sisi tulioutengeneza hivyo."

Injinia alifunika uso kwa viganja.

"Aliyemwokoa ni bangili ya Kichina ya sokoni. Ilijua ni utani. Sisi tulisema haijui Kiswahili, na inakijua kuliko kituo chetu chote. Nisikilizeni kwanza, tafadhali, msitoke mkainunue. Inajua kwa sababu inasikiliza kila mnachosema. Ina sauti zenu. Inaweza kusema kwa sauti yako na mlango ukafunguka. Ilimwokoa babu kwa kitu ilichomwibia, na mimi sijui niseme ni nzuri au mbaya. Nimeshindwa kulala kwa hilo."

Mama mmoja katikati alisimama, barakoa imeshushwa kidevuni. "Sasa wewe binti, huu hatuvai, ule hatuvai. Unataka tufanye nini?"

Yuditha hakuwa amejiandaa kwa swali. Alimtazama yule mtoto aliyelala.

"Nataka kitufe," alisema. "Kitu cha kubonyeza. Mtu yeyote aliye karibu, hata asiyejua kusema."

Hakuna aliyepiga makofi. Daktari mmoja mwanamke alisogea mbele, akakunja kifuniko cha boksi la kwanza, akakifunga. Kisha la pili.

"Usije kazini mpaka nikuite," Injinia alimwambia pale mlangoni. Hakuwa amekasirika, alionekana amechoka. Baada ya hatua chache akageuka. "Mama yangu anakaa peke yake. Kitufe hicho… unaweza kukiweka wewe?"

"Naweza," alisema Yuditha.

*

Kitufe cha babu kilikuwa swichi nyeupe ya kengele ya mlangoni, kutoka duka la vifaa vya umeme, yenye picha ya kengele. Yuditha aliifungua mashine kibarazani, akazilehemu nyaya huku babu akitumia mtungi wa hewa ulioazimwa hospitali, akakandika swichi ubavuni kwa gundi. Ilikaa upande. Akaibonyeza, mashine ikanyamaza. Akaibonyeza tena, ikavuma. Mkufu aliuweka kabatini.

Bangili ilibaki mkononi mwa babu.

"Ni yako," Yuditha alimwambia. "Siwezi kukuamulia. Ila ujue inachofanya."

Babu aliizungusha kwa kidole. "Iliniokoa, mke wangu."

"Najua."

"Bila yenyewe ungekuwa unapika wali wa msiba." Akaivua na kuishika mbele ya uso wake. "Ahsante, Mchina. Nakushukuru kwa dhati. Sasa toka nje, wenye nyumba tuna maongezi."

"Sawa, mzee," bangili ikasema.

Yuditha aliipeleka nyuma ya nyumba, akaitundika kwenye msumari ndani ya banda la kuku, akafunga mlango. Ikajifunze huko. Aliporudi akamkuta Mzee Komba getini, kofia mkononi.

"Hodi. Habari za asubuhi, Mzee Kih…"

"Acha," babu alisema. "Hakuna kinachosikiliza hapa. Nitukane."

Mzee Komba alipanda ngazi, akakaa kwenye kigoda chake cha mbali. Aliangalia swichi nyeupe.

"Kitufe hicho," babu akaendelea. "Ukitaka kunizika, kibonyeze. Ukitubu, kibonyeze tena. Haya. Koti langu liko wapi? Wali nani anapika?"

"Siwezi, Kihwele."

"Miaka yote hii uliweza."

"Nilikuona midomo." Sauti ya Mzee Komba ilipasuka. "Nilikuona midomo, na maneno yalikuwa yangu. Sijalala. Kila neno nikilishika naliona lina kisu."

Babu aliunyoosha mguu wake mwembamba kutoka chini ya blanketi, akakifikia kigoda kwa kidole gumba, akajaribu kukivuta. Hakuwa na nguvu. Mzee Komba alikitazama kile kidole kikihangaika, kisha akainuka, akakibeba kigoda mwenyewe, akakileta karibu mpaka magoti yakagusana.

"Sasa niambie," babu alisema. "Ulikuwa unamaanisha nini?"

Yuditha alisimama mlangoni na bakuli la uji, hakuthubutu kusogea. Mashine ilivuma. Mzee Komba aliangalia mikono yake yenye makovu ya saruji, akaangalia kilima, akaangalia kila kitu mpaka hakikubaki kitu kingine cha kuangalia ila uso wa rafiki yake.

"Usife," alisema. "Kila siku niliyokuambia ufe, Kihwele, nilikuwa nasema usife. Usife ukaniacha peke yangu."